Aliyehama bado ana ufunguo: ruhusa za wingu ziandikwe kwa kazi, si kwa mtu

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mifumo kwenye kampuni ndogo hapa Mwanza. Tunakusanya uzito wa samaki kutoka mialo 14, kuanzia Kirumba mpaka Ukerewe. Makarani wanaingiza kwa simu, takwimu zinakaa AWS, yaani wingu la Amazon, na jioni ripoti zinakwenda kwa wanunuzi na kwa watu wa ushuru. Tuko watu 11. Juzi nimegundua kuwa mwenzetu aliyehamia Dar mwaka jana bado ufunguo wake wa AWS unafanya kazi. Bosi ameniagiza niziweke ruhusa zote kwenye Terraform, ile zana ya kuandika mipangilio ya wingu kama msimbo. Naogopa nikikosea, mialo itasimama alfajiri. Nianzie wapi? Na je, Terraform kweli itatibu tatizo hili?"

Marahaba, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo litakalokuja kumsumbua bosi wako baadaye. Terraform haitibu ruhusa mbovu. Itaziandika, itazitunza, na zikiguswa, ukiiendesha tena itazirudisha zilivyoandikwa. Zikiwa mbovu, itautunza ubovu wake vilevile. Dawa yenyewe ni makubaliano ya kufanyika kabla hujaandika mstari hata mmoja, kwamba ruhusa ni mali ya kazi na mtu anaikuta pale kazini na kuiacha palepale. Mkishakubaliana hivyo, msimbo utawasaidia kuliko mnavyotarajia.

Ila lipo la kufanya leo, kabla ya Terraform. Ingia IAM, sehemu ya AWS inayosimamia watumiaji na ruhusa, fungua jina la huyo mwenzenu, utazame ufunguo wake ulitumika lini mara ya mwisho na kwa huduma gani. AWS inaonyesha hayo yote. Kama una miezi haujaguswa, uzime. Nasema uzime, usiufute, kwa sababu uliozimwa unawashwa tena kwa kubofya mara moja na uliofutwa haurudi. Fanya hivyo saa nne asubuhi siku ya kazi, watu wote wakiwepo, usifanye Ijumaa jioni.

Ukikuta umetumika jana usiku, tafadhali usikimbilie kumtuhumu mwenzako. Mara nyingi nilipoikuta hali hiyo, aliyekuwa anautumia ni seva. Siku moja mtu alikuwa na haraka, ripoti inadaiwa, akachukua ufunguo wake akaubandika kwenye faili la mipangilio la seva ili kazi iende. Kazi ikaenda. Yeye akahama, ufunguo ukabaki kazini peke yake, na hakuna aliyethubutu kuuzima. Nakisia kwenu ni hivyohivyo, na ndiyo maana hofu yako ya alfajiri naichukulia kwa uzito.

Seva yenu inahitaji wadhifa wake yenyewe. Natumia neno wadhifa kwa kile AWS wanachokiita role, na nitakwambia kwa nini nimelichagua. Kwenye AWS mtumiaji ana jina na anaweza kuwa na ufunguo wa kudumu. Wadhifa hauna ufunguo wa kudumu kabisa. Mtu au seva anaukaimu, kama afisa anavyokaimu ukurugenzi: anasaini kwa madaraka ya kiti, na muda ukiisha madaraka yanabaki kitini, yeye anarudi kwenye nafasi yake. Anayekaimu wadhifa wa AWS anapewa hati za muda, kwa kawaida za saa 1, na unaweza kuongeza hadi saa 12. Baada ya hapo zinakufa zenyewe hata kama zimeibwa.

Ukitaka kuzitofautisha kwa macho, ufunguo wa kudumu huanza na herufi AKIA na wa muda huanza na ASIA. Pita kila seva, kila kompyuta mpakato, kila faili la mipangilio, na programu ya simu za makarani pia, utafute AKIA. Orodha utakayoipata ndiyo deni lenu, na mradi utakuwa umekwisha siku orodha hiyo itakapokuwa tupu. Kwenye simu nakusihi usisubiri hata mradi uanze. Ufunguo uliofungwa ndani ya programu ya simu ni wa yeyote anayeweza kuifungua programu hiyo, na wanaoweza ni wengi. Simu izungumze na seva yenu tu, seva ndiyo izungumze na AWS.

Sasa kaa chini na daftari uorodheshe kazi zenu. Usiorodheshe watu. Kwa maelezo yako naziona kama sita: kupokea vipimo kutoka mialoni, ripoti ya wanunuzi, ripoti ya ushuru, nakala rudufu za usiku, kupeleka toleo jipya la programu, na fundi wa zamu anayetazama kumbukumbu mambo yakiharibika. Kila kazi iwe na wadhifa wake wenye jina la kazi. Nikiona wadhifa unaitwa kwa jina la mtu najua miaka miwili mbele tutaandikiana tena.

Kila wadhifa una nyaraka mbili, na wengi huzichanganya. Waraka wa kwanza unasema nani anaruhusiwa kuukaimu. Wa pili unasema akishaukaimu anaweza kufanya nini. Watu hutoa jasho kwenye wa pili na kuupita wa kwanza juujuu, wakati mwizi anaweza kuingilia wa kwanza. Wadhifa wa ripoti ya ushuru uwe unakaimika na seva ya ripoti peke yake. Hata wewe, usiweze.

Utajuaje kila kazi inatumia ruhusa gani? CloudTrail, daftari la matukio la AWS, inakuonyesha matukio ya siku 90 zilizopita bila malipo: nani aliita nini, saa ngapi. Lakini orodha hiyo haina usomaji wa faili moja moja ndani ya S3, ghala la mafaili la AWS. Seva ya ripoti ikisoma faili la vipimo mara elfu kwa siku, pale hutaona hata mara moja, mpaka uwashe ufuatiliaji wa matukio ya data kwa ile baketi, yaani chombo cha S3 kinachobeba mafaili hayo, na ufuatiliaji huo unalipiwa. Nimeona fundi makini akipunguza ruhusa kwa kufuata CloudTrail, akaondoa usomaji wa S3 kwa sababu "hautumiki". Washa ufuatiliaji huo kwenye baketi ya vipimo tu, uache ukusanye.

Uache kwa muda gani? Hapa ziwa linakujibu vizuri kuliko kitabu cha AWS. Dagaa huvuliwa kwa taa nyakati za giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Ukipima wiki moja ya mbalamwezi utaona mfumo umelala na utapunguza ruhusa zitakazodaiwa giza likirudi. Pima angalau mzunguko mzima wa mwezi wa angani, kisha hakikisha ndani yake kuna mwisho wa mwezi wa kalenda, maana hesabu za ushuru na za wanunuzi zina kazi zinazofanyika siku hiyo tu.

Baada ya hapo ndipo unaandika. Huu hapa ni waraka wa pili wa wadhifa wa ripoti ya ushuru, namna ambavyo ningeuandika mimi:

```
# Kazi: ripoti ya ushuru ya kila jioni
# Aliyeomba: idara ya hesabu. Kupitiwa tena: kila miezi 6
data "aws_iam_policy_document" "ripoti_ushuru" {
  statement {
    sid       = "SomaVipimoVyaSiku"
    actions   = ["s3:GetObject"]
    resources = ["arn:aws:s3:::vipimo-mialo/siku/*"]
  }
  statement {
    sid       = "OnaOrodhaYaMafaili"
    actions   = ["s3:ListBucket"]
    resources = ["arn:aws:s3:::vipimo-mialo"]
  }
}
```

Tazama vipande viwili vya `resources`. Cha kwanza kina mkwaju na nyota mwishoni kwa sababu kusoma kunahusu mafaili yaliyomo. Cha pili hakina, kwa sababu kuorodhesha kunahusu baketi yenyewe. Ukikosea hapo ruhusa haifanyi kazi na hakuna atakayekwambia kwa nini.

Na kipande cha pili hakijawekwa kama pambo. Bila ruhusa ya kuorodhesha, ukiomba faili ambalo halipo, S3 inakujibu 403, yaani umekataliwa, badala ya 404, yaani halipo. Sasa fikiria jioni moja karani wa Ukerewe hajapakia vipimo kwa sababu mtandao wa kisiwani umekatika. Seva ya ripoti inatafuta faili, inapata 403. Fundi anaona "umekataliwa", anadhani ruhusa ni ndogo, anaweka `s3:*`, yaani ruhusa zote za S3, ili kazi iende, na bado haiendi, kwa kuwa faili halikuwepo tangu mwanzo. Kesho yake vipimo vinaingia, ripoti inatoka, naye anaamini nyota ile ndiyo iliyotibu. Inabaki hapo miaka. Nimezitoa nyota za namna hiyo nyingi, na karibu kila moja nilikuta imeanza na siku ya haraka kama hiyo.

Yale maneno yenye alama ya reli juu ya waraka, yanayotaja kazi, aliyeomba na lini ipitiwe, ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote kwenye kuandika ruhusa kwa msimbo. Kwenye kivinjari unabofya, ruhusa inazaliwa bila baba. Kwenye hazina ya msimbo kila mstari una aliyeuandika, tarehe, aliyeukubali, na sababu yake. Mtu akihama, hamhitaji kumpigia simu Dar kumuuliza.

Mnavyo tayari vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, na hivyo usivibomoe ili uvijenge upya. Kuanzia toleo la 1.5 la mwaka 2023, Terraform ina kifungu cha `import` kinachoingiza kitu kilichopo kwenye msimbo, na ukiongeza `-generate-config-out` kwenye `terraform plan`, amri inayoonyesha kitakachobadilika kabla hakijabadilishwa, inakuandikia rasimu ya msimbo wenyewe. Ingiza wadhifa mmoja, endesha `plan`, hariri msimbo mpaka jibu liwe kwamba hakuna mabadiliko. Hapo msimbo na hali halisi vinasema kitu kimoja. Ndipo uende kwenye wa pili. Usipunguze ruhusa yoyote katika awamu hii, hata ukiona ovu la wazi. Kwanza piga picha ya nyumba ilivyo, kusafisha kuje baadaye. Ukifanya yote kwa pamoja, kitu kikivunjika hutajua ni uhamisho au ni usafi.

Kuhusu kusoma `plan` lazima nikusimulie jambo langu mwenyewe. Nilikuwa nahudumia kampuni moja ya huku ziwani, mfumo unaofanana na wenu. Terraform ina vifungu viwili vyenye majina yanayokaribiana. `aws_iam_role_policy_attachment` maana yake ni bandika sera hii, yaani ule waraka wa pili, kwenye wadhifa huu. `aws_iam_policy_attachment`, bila neno role katikati, maana yake ni sera hii ibaki kwa hawa niliowataja tu, na kwingine kote ibanduliwe, hata kama ilibandikwa na msimbo mwingine au kwa mkono. Nilikuwa naongeza seva mpya ya ripoti nikatumia kifungu cha pili. Siku ya kwanza hakikubandua chochote. Kesho yake usiku nilikuwa na badiliko lingine dogo, `plan` ikaonyesha kitu kimoja cha kuongeza na kimoja cha kubadilisha. Nikaona namba ni ndogo, nikakubali. Ndani ya kile kimoja cha kubadilisha kulikuwa na mstari mwembamba wenye alama ya kutoa mbele yake, na jina kwenye mstari huo lilikuwa la wadhifa unaopokea vipimo kutoka mialoni.

Saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi ya dagaa ilikuwa imeshafika Igombe. Simu ya karani ikakataa kutuma. Akajaribu tena, ikakataa. Ndoo zilikuwa zinamwagwa kwenye turubai na wanunuzi wamemzunguka, akaanza kuandika kwa kalamu kwenye mfuniko wa boksi la maji: jina la mtumbwi, idadi ya ndoo, jina la mnunuzi. Nilipofika saa moja na nusu mfuniko ulikuwa umeloa upande mmoja na mistari mitatu haisomeki. Mvuvi mmoja alidai ndoo ambazo mnunuzi hakuzikubali, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kurekebisha ruhusa kulinichukua dakika tano. Zile ndoo sikuweza kuzirudisha. Tangu hapo kwenye kazi za ruhusa sisomi namba za chini ya `plan`. Nasoma kila mstari wenye alama ya kutoa, kwa sauti, na mwenzangu akiwa pembeni. Ukiwa Google Cloud mtego ni uleule kwa majina mengine: kinachoishia na `iam_member` kinaongeza mmoja tu, kinachoishia na `iam_binding` kinamiliki wote wenye cheo hicho, na `google_project_iam_policy` kinafuta sera nzima ya mradi na kuweka yako.

Tuje kwa anayeendesha `apply`, amri ya kutekeleza mabadiliko, maana hapa ndipo wengi wanakusanya funguo zote za nyumba na kuzining'iniza mlangoni. Msimbo unaoweza kuandika ruhusa unaweza kujiandikia ruhusa. Kama kompyuta yako ndiyo inayoendesha `apply` kwa ufunguo wa kudumu wenye madaraka yote, basi mmetoka kwenye funguo 11 zilizotawanyika mkaingia kwenye ufunguo mmoja unaoziumba zote, nao umelala kwenye kompyuta inayopanda daladala kila asubuhi. Ruhusa zikae kwenye hazina yake, mbali na msimbo wa seva na programu. Badiliko liandikwe kama ombi, mtu wa pili alisome na kulikubali, kisha mtambo wa kuendesha kazi ndio utekeleze.

Mtambo huo nao hauhitaji ufunguo wa kudumu. Kama mnatumia GitHub kutunza msimbo, AWS inaweza kuutambua kwa OIDC, njia ya kuthibitisha utambulisho bila siri ya kudumu, na kuukaimisha wadhifa kwa muda wa kazi tu. Weka nyadhifa mbili. Mmoja ni wa kusoma peke yake, unaotumika kwa `plan` ya kila ombi. Mwingine ni wa kutekeleza, unaokaimika kutoka tawi kuu tu. Kwenye waraka wa nani akaimu, sharti la `sub`, linalomtaja anayeomba, liandikwe kamili, jina la hazina na tawi, mfano `repo:kampuni-yenu/ruhusa:ref:refs/heads/main`. Usiache nyota pale. Sharti likiwa legelege, hazina za watu msiowajua zinaweza kubisha hodi na zikafunguliwa.

Faili la hali la Terraform, lile linalokumbuka kila ilichokijenga, lilinde kama unavyolilinda daftari la fedha. Lihifadhi kwenye baketi iliyosimbwa, yenye kutunza matoleo ya nyuma, na wanaolifungua wawe wachache. Usitengeneze funguo za kudumu kwa `aws_iam_access_key`, kwa sababu siri ya ufunguo huo inaandikwa wazi ndani ya faili hilo isipokuwa umeisimba kwa zana ya kusimba ya PGP. Kwa mpango wetu wa nyadhifa hamtazihitaji.

Kuna ruhusa moja inayoonekana ndogo ambayo naomba uitafute kwa jina: `iam:PassRole`. Inamruhusu mtu kuikabidhi huduma wadhifa fulani, mfano seva mpya. Ikiwa na nyota, na mtu huyohuyo anaweza kuwasha seva, atawasha seva, aipe wadhifa mkubwa kuliko wake, kisha aingie ndani na kutumia madaraka ya seva hiyo. Hakuna alichoiba, mlimpa wenyewe. Itaje kwa nyadhifa maalumu tu. Na mtambo wenu unaounda nyadhifa uwekeeni mpaka wa ruhusa, kile kifungu cha `permissions_boundary`, ili kila wadhifa unaouzaa uwe na ukomo usioweza kuvukwa hata ukibandikwa sera gani juu yake.

Mkishahamia, baadhi ya watu bado watabofya. Mtu wa zamu usiku, mteja anapiga simu, atabofya tu. Panga `terraform plan -detailed-exitcode` iendeshwe kila asubuhi. Ikirudisha 0 hakuna kilichobadilika, ikirudisha 2 kuna tofauti na mkae mzungumze. Lakini usiridhike na hilo. `plan` inalinganisha vitu inavyovijua. Mtu akiunda mtumiaji mpya kabisa kwa mkono, Terraform haimjui na itakuambia kila kitu ni shwari. Hata sera ya ziada iliyobandikwa kwa mkono kwenye wadhifa unaoujua inaweza kuipita, mpaka utumie vifungu vya umiliki kamili kama `aws_iam_role_policy_attachments_exclusive` na `aws_iam_role_policies_exclusive`. Kwa watumiaji, pakua ripoti ya hati za utambulisho ya IAM kila wiki. Ni jedwali la kila mtumiaji na hali ya funguo zake. Jina lisilokuwemo kwenye msimbo lina maswali ya kujibu. Ripoti hiyo ndiyo ingewaonyesha mwenzenu wa Dar mwaka jana.

Nakala rudufu nazitaja kwa sababu ya kampuni moja. Juni 2014 Code Spaces, waliokuwa wakihifadhi misimbo ya wateja juu ya AWS, waliingiliwa kwenye akaunti yao na mtu aliyedai fedha. Walipojaribu kumtoa, akafuta. Akafuta data, akafuta na sehemu kubwa ya nakala, kwa kuwa vyote vilifikika kwa madaraka yaleyale. Kampuni ikafunga. Nakala zenu ziende kwenye akaunti nyingine ya AWS, na wadhifa unaozipeleka uweze kuandika tu, usiweze kufuta. Ongeza na katazo la wazi la kufuta kwa wote wa kawaida. Kwenye AWS, katazo lililoandikwa wazi linashinda ruhusa yoyote, hata mtu awe na ruhusa mia.

Kwa upande wa watu 11, waingie kupitia sehemu moja ya utambulisho, IAM Identity Center au barua pepe za kazi mlizonazo, kisha wakaimu nyadhifa. Anayehama anafutwa mahali hapo pamoja tu. Hili ni rahisi, halihitaji maneno mengi.

Linalohitaji uangalifu ni njia ya dharura. Siku moja mtambo hautafanya kazi, au `apply` itakuwa imejifungia nje yenyewe. Wekeni wadhifa wa dharura, unaokaimika na watu wawili waliotajwa, kwa uthibitisho wa hatua mbili, na ukikaimiwa tu ujumbe uende kwa wote. Ujaribuni kabla haujahitajika. Akaunti kuu ya mwenye mali isiguswe kwa kazi za kila siku, isiwe na ufunguo wowote wa programu, na kifaa chake cha uthibitisho kifungiwe kwenye kasha la ofisi.

Kama bosi atauliza kwa nini mnapoteza wiki nyingi kwa jambo lisiloonekana, mwambie kwamba kwenye baketi zenu hakuna kilo za samaki tu. Mna majina ya wavuvi, namba zao za simu na walicholipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Mkiulizwa nani anaweza kuziona, itakuwa heshima kubwa kujibu kwa kufungua faili moja na kuonyesha.

Na kuhusu chombo chenyewe, usipoteze usingizi kati ya Terraform na OpenTofu. Terraform ilibadilisha leseni Agosti 2023, OpenTofu ikazaliwa kutokana na hilo na inalelewa na Linux Foundation. Kwa kazi yako hii zinaandikwa karibu sawa. Tumia ile ambayo mwenzako wa pili tayari anaijua.

Siku ya kupunguza ruhusa ipange mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wanapopumzika. Sangara na sato wataendelea kuletwa, kwa hiyo hatari haijaisha, ila Kirumba itakuwa na nafasi ya kukuvumilia. Anza na ripoti ya wanunuzi, ikichelewa watu watalalamika tu. Wadhifa wa kupokea vipimo uwe wa mwisho, na siku hiyo wape makarani wa mialo yote 14 daftari na kalamu mkononi kabla hujagusa chochote. Mabadiliko ya IAM huchukua muda kidogo kuenea, kwa hiyo usihukumu kwa sekunde ya kwanza. Ngoja, jaribu kutuma kipimo kimoja kutoka simu halisi, iliyopo mwaloni kweli. Kisha nitumie ile `plan` ya wadhifa wa vipimo kabla hujaitekeleza, nitaisoma pamoja nawe, mstari kwa mstari.